Mukono Wangu na Kilio cha Riziki

Kindu, Kasuku

Mama mupenzi,

Kwanza mugongo wako, unaendelea namna gani? Na baba, kikohozi kimemuachia kidogo? Sisi huku kwa mama mudogo tunapumua. Riziki ameota meno mawili.

Ujumbe wako papa Salumu ameuleta: nimupakize mutoto kwenye pikipiki yake, aje Obokote umulee wewe, juu ya mimi nimelogwa. Najua mama mudogo njo alikuambia. Hakusema uongo. Riziki akilia, mukono wangu unaenda wenyewe kumufunga kinywa, sawa siku ile ya vita tulilala ndani ya shamba la muhogo, wenye bunduki wakipita. Na moyoni sisikii kitu. Si huruma, si hasira.

Basi nilienda kituo cha afya. Kusema kweli nilifuata sabuni, nilisikia wanagawa. Sabuni haikuwepo. Nilimukuta mama Odette, asistante wa kijamii, yule wa kusikiliza watu wenye shida. Nikamuelezea habari ya mukono, nikamuambia, "Mama, niandikie dawa."

Akacheka. "Weye! Mimi sina hata kidonge cha kichwa. Kazi yangu ni kufundisha."

Akanifundisha hivi: woga ukipita kipimo, mwili unazima kila kitu ili muntu abaki muzima. Si ulozi. Mukono ule ulituokoa, lakini haujapata habari kwamba wale watu walienda. Mimi njo napaswa kuupa habari. Mutoto akilia, niangalie mulango, nguo kwenye kamba, sufuria, halafu niseme kwa sauti, "Tuko Kindu."

Mama mudogo ananicheka: "Sufuria imekujibu?"

Najibu, "Bado."

Nimeenda kwa mama Odette mara tano. Kila mara ananiambia, "Haya mwalimu, sasa nifundishe mimi." Juzi akasema, "Kamufundishe mama yako. Ukiweza kumueleza yeye, nitajua umeelewa." Njo maana barua imekuwa ndefu.

Mama, usikasirike. Papa Salumu atafika na barua hii na kitenge chako tu. Riziki anabaki kwangu. Furaha bado siisikii, sitakudanganya. Lakini nataka kujaribu naye hapa, si mbali naye.

Nisalimie baba, dada mukubwa na watoto wake, na bibi. Bibi umusomee barua hii pole pole.

Sasa hivi Riziki analia. Niko naye kwenye paja, kinywa wazi, majirani wote wanasikia. Nimeangalia mulango. Tuko Kindu. Mukono wangu uko kwenye bik, unaandika.

Mimi binti yako,
Mwamini