Nguruwe wa Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 28 Oktoba

Leo nimesema! Ukumbi wa sinema hapa Incheon ulijaa, nusu yetu watu wa Korea Kaskazini tuliotorokea Kusini. "Bibi Ana Homa" ilipoisha, Dairekta Seok akapanda jukwaani kuulizwa maswali. Makofi! Halafu jirani yangu Mama Pang kasimama. Kafoka: sisi tulikula magome ya miti, wewe unatuuzia kicheko! Nguruwe ghorofa ya tatu, kalewa, kalazwa kama bibi mgonjwa — nani kaona wapi? Tusi hilo!

Watu wakaanza kuzomea. Seok masikio mekundu. Kile kisa nilimpa mimi, nikimwandalia tambi baridi pale mgahawani ninapofanya kazi, na nilimwapisha asinitaje. Hakunitaja. Nikachomoka mwenyewe. "Si uongo! Hyesan, kule kaskazini, nyumbani kwetu! Nguruwe tulimfuga kwa siri, ni marufuku; mdogo wangu ndiye aliyemnywesha pombe ya mahindi asilie, akamfunga kitambaa kichwani, akamfunika shuka. Mkaguzi kaingia, kavua kofia, kasema pole bibi, upone upesi!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nikaongeza: kwenye filamu za wengine sisi ni majasusi au ombaomba. Huyu katufanya watu.

Seok kaniinamia mpaka kiunoni. Raha iliyoje!

Jumatatu, 30 Oktoba

Kumbe kuna mtu alinirekodi. Niko mtandaoni — uso, lafudhi, kila kitu. Laki mbili wamenitazama. Hyesan, nimesema. Mdogo wangu, nimesema. Mdomo umeponza kichwa, na kichwa chenyewe si changu! Mdogo wangu Ung-chol bado yuko kule. Na yule mkaguzi bado yuko kazini, tena sasa ni mkubwa. Alimpa nguruwe pole, na watu wanamcheka. Nyumba anaijua.

Nimempigia Seok aiondoe ile video. Kasema si yake, atajaribu. Kisha: "Lakini Dada Ryom, uliwanyamazisha wote!" Ana furaha kama mtoto. Sikuweza kumkasirikia.

Alhamisi, 2 Novemba

Leo nimetia siki mara mbili kwenye bakuli la mteja. Kila gari likisimama nje nashtuka.

Jumapili, 5 Novemba

Jumapili ya kwanza ya mwezi. Saa nne asubuhi Ung-chol hupanda kilimani na ile simu ya magendo, inayonasa mtandao wa China toka ng'ambo ya mto, hunipigia. Saa nne. Saa tano. Saa saba. Kimya.

Mama Pang kaja na bakuli la kimchi, kabeji yetu ya kuchachusha. Nilidhani kaja kunisuta. Kakaa sakafuni, kanishika goti. "Mwanangu, ulidhani sijui nguruwe wa ghorofani? Wetu alikuwa ghorofa ya tano." Nikamuuliza: sasa kwa nini ulimtukana Seok vile? "Nina binti kule. Filamu ikiwa uongo, hakuna atakayetafutwa."

Mungu wangu. Alikuwa anatufunika wote kwa matusi yake, na mimi nikafunua kila kitu kwa sifa zangu! Nimelia mbele yake bila aibu. Kimchi hatukuigusa.

Jumapili, 12 Novemba

Kapiga! Saa nne na dakika tano. Nikapiga magoti palepale jikoni. Ung-chol! U mzima?

"Dada mpendwa," kasema.

Mpendwa! Tangu aanze kusema, huyu mtu ananiita kichwa-boga. Kasema wote hawajambo, wanaishi vizuri. Kama anasoma — na kweli nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha: dada mpendwa, simama mbele ya watu, sema kisa kile Seok alikutungia, akakulipa ukiseme. Kabla ya Alhamisi. Nikauliza, la sivyo? Simu ikakatika.

Jumatano Seok anakabiliana na wakosoaji wake kwenye televisheni. Kaniwekea kiti kando yake. Nikisema nilivyoagizwa, wanammaliza — ataitwa tapeli maisha yake yote, mtu ambaye hata jina langu hakulitoa. Nikisema kweli, Ung-chol...

Sitaki kuandika.

Nimejizoeza mbele ya kioo. "Hapakuwa na nguruwe. Dairekta Seok alinilipa." Mara ya kwanza ilisikika uongo mtupu. Nimerudia, nimerudia, kwa nguvu, mpaka ikatoka kama kweli. Naogopa jinsi ilivyotoka vizuri.

Kengele! Nani? — Ni yeye, Seok. Mama Pang, niliyemwambia yote, kamtokea koridoni, nawasikia. Anamwambia nimetoka, sipo, arudi siku nyingine. Seok anacheka. "Hayupo vipi, mama? Nimemsikia nikipanda ngazi. Kataja jina langu. Anajizoeza kwa ajili ya Jumatano, eeh?"