Tuliteremka na Mto Chania

Nyeri Mjini,
14 Agosti 1972

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumaini kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko Gakindu haijaingia kwenye mifupa. Mkweo Theuri anakusalimu, na mtoto wetu Wakonyo anasema umwekee miwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, ati upate mazoezi ya gumbaru, hicho kisomo chenu cha watu wazima. Herufi nimezifanya kubwa. Usimpe Peterson wa dukani akusomee. Hii isome mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku mbili.

Mimi ni mzima. Nakula, nafundisha, nafua. Uliniuliza kama bado nalia. Silii, mama, na sikulia hata siku ile. Tangu tumzike binti yetu mchanga mwezi wa tano niko kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako lakini huusikii.

Jumamosi darasa langu la gumbaru lilikwenda matembezi. Wanawake walichoka na ubao, wakasema wanataka kuona maji wanayokunywa yanatoka wapi. Lori la maziwa lilitupandisha hadi juu Tetu, kukiwa na ukungu, na kutoka hapo tukafuata Chania ukiteremka, mara kwenye majani chai, mara chini ya miti ya miwati, mara katikati ya shamba la mtu huku mbwa wake wakitubwekea. Murugi, yule wa mboga, alibeba githeri ya kutulisha mchana na malalamiko ya njia nzima.

Kwenye kivuko tulivua viatu. Maji yale ni baridi ya kukata, na wenzangu walipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka kutuangalia. Mimi nilisimama tu katikati. Murugi alinivuta akiuliza kama najipanda pale niote. Tulipofika ng'ambo aliniambia natoka damu. Jiwe lilikuwa limenikata kidole cha mguu, nami nikakitazama kama cha mtu mwingine.

Aliyekifunga ni Mishi, mke wa Yakubu fundi cherehani wa Majengo, kwa kipande cha leso yake. Ana mimba kubwa. Tulimkataza kuja, akasema mimba si ugonjwa. Basi tukabaki nyuma sisi wawili, mimi nachechemea, yeye anahema. Akaniuliza mtoto niliyemzika angeitwa nani. Nikamweleza kwamba kwetu msichana wa kwanza ni wa mama mkwe, wa pili ni wa mama mzazi, na kwamba mimi ni mtoto wako wa pekee, kwa hiyo jina lako halina mlango mwingine. Nikamwambia pia ulivyoandika, kwamba nifanye haraka nikuzae tena ujione kabla hujafa.

Halafu nikamwambia jambo ambalo wewe sijakuambia, kwa sababu barua zako zilikuwa zikisomwa na Peterson na Gakindu nzima ingeinywa na chai. Mama, siku ile hospitalini damu ilikataa kusimama. Daktari alitoa kizazi. Sitazaa tena. Siwezi kukurudisha.

Mishi hakusema pole. Alinishika mkono, tukaenda mpaka tukauona mji. Ndipo akasema jina la mama yake, Mwanabibi, tayari analo kifungua mimba wake, na huyu aliye tumboni akiwa msichana ataitwa Wachuka, kama wewe. Shehe atampa jina lake la dini, lakini wakati wa kuitwa kula atakuwa Wachuka. Yakubu hatakataa, ati hajawahi kumkatalia kitu isipokuwa kufuga mbwa. Akiwa mvulana, basi, tutanyamaza.

Najua unavyowaona Waislamu wa Majengo. Hata nyama yao huli. Na jina ni lako, ilifaa nikuulize kwanza. Lakini nilisema ndiyo, mama. Ilitoka yenyewe, na hapo kidole kikaanza kuuma. Kiliniuma mpaka nyumbani, nikalala nikikisikia.

Mishi anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nitakuita, na uje hata kama umekasirika. Ukikubali, njoo na kibuyu cha uji, kama ulivyoniletea mimi nilipomzaa Wakonyo. Ukija mikono mitupu nitaelewa, na nitakwenda kumwambia Mishi mwenyewe.

Wasalimie majirani wote, na Peterson pia, umwambie hakuna habari.

Ni mimi mtoto wako mmoja,
Gathoni