Ua Ambalo Si Ua Moja

Dada yangu mpenzi,

Huku tunapumua, na mvua imetuachia maua ya manjano mpaka kwenye nyufa za barabara.

Kazini bado nabandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi. Wiki hii tumebishana juu ya kiua kimoja cha porini, cha jamii ya alizeti, kinachoota, kuchanua na kufa ndani ya msimu mmoja. Mkuu wangu anataka kukihamishia jenasi nyingine kwa kuwa mbegu zake hazina manyoya ya kupeperukia. Mimi nasema kibaki na ndugu zake.

Jana nilimpelekea Mama kimoja kibichi. Si unakumbuka alivyofundisha mimea, mpaka wanafunzi wakamwita Bibi Mizizi? Alikigeuzageuza dirishani, mwanga umemjaa usoni, nikahisi kama tumo ndotoni.

“Hili si ua moja,” akasema taratibu. “Ni maua mengi madogo yamekaa pamoja. Hata hiki unachokiita petali ni ua zima.”

Nilifurahi mno, dada! Alikuwa hajazungumza hivyo tangu augue. Nikamsogelea nimsikilize zaidi. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni.

“Na wewe binti, mama yako anajua uko hapa?”

“Anajua,” nikamjibu.

Akatulia, akanishika mkono mpaka usingizi ukamchukua.

Njoo, dada. Usingoje likizo.

Wako wa tumbo moja,
Kitindamimba