Mama, Nimekuja Livu

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwako hapa Mungaa, nimekalia kile kigoda chako kinachoyumba. Nilikuja na siku zangu zote ishirini na nane za likizo, na leo ni ya mwisho. Kaka Elia anasema nimekonda. Nimemwambia anyamaze, aende kwa ng'ombe wake.

Alizeti tumevuna. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Kugawana kanga zako kumeleta ugomvi, na mimi ndiye niliyeuanza.

Unakumbuka tulivyokucheka kwa neno livu? Baba alikuwa anafanya kazi reli kule Manyoni, miezi ikapita hajaonekana, ukafunga safari na jogoo kwapani. Mlinzi wa stesheni akakwambia, "Mzee yuko livu." Ukaenda stendi kuulizia gari la Livu! Hukujua ni likizo; ulikuwa na hakika ni mji, tena mji wenye mwanamke. Ulirudi Mungaa umevimba kwa hasira, ukamkuta Baba uani anakula ugali tuliompikia. Mlikuwa mmepishana njiani. Hukumsalimia. Ulimuuliza tu, "Umerudi lini kutoka Livu?" Baba alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo nyumba hii ikaitwa Livu, na hata alipofariki Baba uliendelea kuniuliza kwenye simu, "Neema mwanangu, lini unakuja Livu?"

Ulipoanza kuumwa uliniuliza hivyo mara tatu. Mara ya tatu nikakujibu, "Mama, wamenikatalia livu."

Mama, haikuwa kweli. Hakuna aliyenikatalia. Sikuomba. Mimi ni karani wa masjala kule Songea, fomu za likizo za ofisi nzima zinapita mikononi mwangu, na yangu ilikaa kwenye droo, tupu. Nilikuwa naziweka siku zangu kwa ajili ya Desemba, nije na wanangu wote tukae mpaka utuchoke. Elia aliposema ni homa tu, nikajiambia itapita. Na badala ya kukueleza hivyo, nikawasingizia wakubwa. Nawe ukanituliza: "Usigombane nao, mwanangu. Nitakungoja." Ungenitukana ingekuwa nafuu. Siku ya tano Elia akapiga simu analia, nikasafiri siku mbili, nikakuta kaburi limeshachimbwa.

Niliporudi kazini nilikuwa nusu mtu. Siku moja nikachukua ile kamusi kubwa ya Kiingereza tunayozuilia dirisha, nikalitafuta neno lako. Wenyewe wanaliandika leave. Kumbe ni maneno mawili, yametoka mbalimbali, ila siku hizi yanafanana sura kama mapacha. Moja ni kuacha kitu nyuma, na ndilo lililokuja kuwa kuondoka. Lingine, hili la kazini, asili yake ni ruhusa. Tena lina udugu wa mbali na neno lao la kupenda. Na wakitaka kusema mtu ameaga, wanasema amechukua hiyo hiyo leave. Nikalia pale pale masjala, mhudumu akadhani nimepoteza faili.

Nililia kwa sababu hayo ulitufundisha wewe, bila kamusi. Hakuna aliyetoka nyumba hii bila kusimama mlangoni na kusema, "Mama, naomba ruhusa." Nawe hukuitoa upesi. "Ruhusa gani, na hata maziwa hujanywa?" Awe mgeni, awe mjukuu, hata mchungaji wa kanisa, maziwa kwanza. Ndipo useme, "Haya, ruhusa. Nenda salama." Lakini ulipoondoka wewe, mimi sikuwepo mlangoni.

Mwezi uliopita niliijaza ile fomu. Penye sababu nikaandika, kwenda kwa Mama. Mkuu wangu akaisaini amesimama, hakuuliza hata swali moja. Ilikuwa rahisi hivyo, Mama. Dakika moja haikuisha.

Nisamehe. Nimekaa humu siku zote hizi nikitafuta namna ya kukuambia, na leo ndiyo nimeweza. Nakuahidi, nikisikia mtu wa nyumba hii anaumwa, hata ikiwa homa tu, nitaomba siku ileile. Wanangu nitawaleta Desemba kama nilivyopanga, japo siku zangu zitakuwa zimekwisha na itabidi nipige magoti kwa wakubwa. Nitapiga. Nitawasimulia habari ya jogoo na stendi, nao watajua Livu ni wapi.

Elia ananingoja nje na pikipiki, anipeleke kwenye basi. Begi liko mlangoni. Mkewe amenichemshia maziwa ya yule mwekundu. Nimeyanywa yote, Mama, na kikombe nimekiosha.

Naomba ruhusa.