Wifi Kaja na Kitambaa

Shoga uko wapi? Nina hasira mpaka nakosea herufi.

Unajua dada yangu ana siku kumi tu tangu wamkate ziwa la kushoto kwa ile saratani. Mrija bado unaning'inia ubavuni na kichupa chake cha maji ya kidonda. Hata nywele namchana mimi.

Leo wifi yake kaja. Nikajua kaja kumjulia hali. Thubutu! Kaja na kitambaa, eti dada kwa kuwa ni fundi cherehani amshonee gauni!

KITAMBAA shoga! Eti harusi ni Jumamosi, na mafundi wengine watamharibia.

Dada akamwambia taratibu, "Wifi, mkono haunyanyuki."

Unajua kajibu nini? "Jamani, si titi tu? Mikono si unayo yote miwili?"

Si titi tu!! Kasema hivyo hivyo, huku anakunywa chai niliyompikia mimi!

Nikainuka nimtoe. Dada akanikonyeza nikae. Akaomba futi yake ya kupimia, akamwambia wifi asimame. Kwa mkono mmoja, polepole, akaanzia kwapa la kulia la wifi, akafika katikati ya kifua, akaishia hapo. Akaandika kwenye daftari. Akakunja futi.

Wifi kashangaa. "Na huku kushoto je?"

"Huko sishoni," dada akasema. "Si titi tu?"

Kaondoka bila kuaga, kitambaa kakisahau. Dada kaniambia nikikunje nikiweke chini ya mkono wake unaouma. Sasa hivi kakilalia, anakoroma.