Mkono wa Kushoto Chini ya Paja

Kitendaguro, Bukoba
4 Agosti 2024

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo kabisa, na chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama migomba ya mwenye nyumba, kwa hiyo kila nikiamka nadhani bado niko kwenye kibanja chetu. Mama hajambo? Kahawa imeiva? Na wewe unaendeleaje? Kwenye simu Mama ananipa salamu zako tu. Najua utasema simu ni ya kuambiana tumefika na mambo ya muziki yanataka karatasi. Haya, karatasi hii hapa. Avit, yule dereva wa abiria wa Muleba, ataileta kwa gari lake.

Tata, nimepata bendi! Usikunje uso kwanza, soma mpaka mwisho. Ni bendi ya mzee mmoja anaitwa Kagaruki, mpiga gitaa la solo. Wanapiga kopi za dansi la zamani, zile nyimbo ambazo watu wazima wakizisikia wanaacha soda mezani wanainuka. Mchana nauza kwenye duka la dawa, jioni nakimbilia mazoezini. Siku hizi wenye harusi wanauliza, "Mbona bendi yenu haina kinanda?" Ndiyo maana Kagaruki akanichukua.

Sasa sikia balaa. Nyimbo zenyewe hazina kinanda! Nimezisikiliza mpaka masikio yamechoka. Kuna magitaa, besi, dramu, sauti za watu, basi. Siku ya kwanza nilifanya ulivyonifundisha kanisani: nikapiga utangulizi wa ubeti mzima, kama wimbo wa Mwanzo. Mpiga dramu akauliza kama tusimame padri apite. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha nikapiga sauti zote nne kwa mikono miwili, na Joackim wa besi akaweka gitaa lake chini akasema, "Dada, hii nyumba ina watu tayari."

Kagaruki amenipa muda mpaka harusi ya Restituta wa kwa jirani yetu, tarehe 16 Novemba, hapo hapo Muleba. Kufikia siku hiyo nikiwa na kazi ya kueleweka nabaki. Nikiwa pambo, ananiaga. Nikiagwa nitarudi nyumbani nikae nawe kwenye kinanda cha parokia, na hilo nalo si baya. Lakini Tata, nataka kubaki. Nataka sana! Mtu apige nini kwenye wimbo usio na sehemu yake?

Mwanao,
Edvina

Muleba
11 Agosti 2024

Binti yangu Edvina,

Marahaba. Milele amina. Tuko wazima, mama yako anakusalimu na anasema ule, usiishi kwa chai na maandazi. Kahawa imeiva vizuri. Mwaka huu tumeita vibarua wa kuchuma, mimi nasimama pembeni kama bwana shamba.

Sikukunja uso. Nilicheka hiyo ya padri mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Kosa ni langu mimi niliyekufundisha. Mpiga kinanda wa kanisa anabeba kwaya nzima mgongoni, maana besi wetu wakichelewa shambani hakuna mwingine wa kuwasaidia. Huko yuko Joackim. Mkono wako wa kushoto unamkanyaga miguu, na yeye ndiye mwenye njia. Basi fanya hivi: ukikaa mazoezini, mkono wa kushoto ukalie. Ndiyo, uweke chini ya paja na uukalie. Piga kwa mkono wa kulia peke yake, vidole vitatu, katikati ya kinanda, wala si chini. Utaona mambo.

Pili, rudi kwenye nyimbo zako usikilize tena, na safari hii acha kutafuta kinanda. Tafuta kilichokuwepo zamani na sasa hakipo. Nyimbo za dansi ninazozikumbuka mimi zilikuwa na tarumbeta. Huko kwenu nani anapiga tarumbeta?

Na hayo mambo ya kurudi nyumbani yaache kabisa. Kinanda cha parokia kina mtu.

Tata yako,
Ildefons

Kitendaguro
1 Septemba 2024

Tata mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Habari za hapo? Mimi mzima, nimekonda kidogo lakini usimwambie Mama. Naandika haraka, Avit anapiga honi hapo nje.

Hakuna anayepiga tarumbeta! Hakuna! Zile sehemu walikuwa wanaziruka tu, au Kagaruki anazigusagusa kwenye solo huku anaimba. Nimekaa wiki mbili nazisikiliza moja moja nikizitoa kwa kidole. Jana, mkono wa kushoto nimeukalia (ganzi, Tata, ganzi mpaka kwenye bega!), wimbo ulipofika pale, nikaweka sauti ya tarumbeta, nikapiga. Kagaruki aligeuka kama mtu aliyeitwa na marehemu. Akasimamisha wimbo, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Mzee wa watu akafuta macho kwa kofia. Joackim ameanza kuniita Dada Tarumbeta. Sasa besi yake naisikia yote, na ni tamu, wala sikuwa najua!

Lakini nusu ya nyimbo hazina tarumbeta wala nini. Magitaa mawili na sauti. Hapo nimekaa nao nawatazama. Nilimuuliza Kagaruki nipige nini, akasema nipige makofi. Alikuwa anatania, lakini nilijisikia vibaya, sikufichi. Harusi inakuja, na sijui nifanye nini hapo.

Halafu, Tata, haya ya mkono mmoja umeyajulia wapi? Wewe uliyekuwa unanichapa kidole nikiacha sauti ya besi?

Mwanao,
Edvina (Tarumbeta)

Muleba
15 Septemba 2024

Edvina wangu,

Marahaba mara mbili. Kasinge waitu, hongera sana! Nilisoma ile ya kofia nikamwita mama yako, nikamsomea kwa sauti, naye akapiga vigelegele jikoni. Sisi hatujambo. Mama yako ananicheka tu siku hizi kwa jinsi ninavyochelewa kufunga vifungo vya shati. Uzee huo.

Unauliza nimejulia wapi. Nimekuwa nikijaribu hapa kwenye misa. Napiga kidogo tu. Jumapili ya kwanza kwaya walinitazama kama nimewakimbia. Jumapili ya pili wakaanza kuimba wenyewe. Sasa Mwalimu wa kwaya anasema hajawahi kusikia besi wakifungua midomo namna hii. Kumbe miaka yote nilikuwa nawafunika.

Sasa kuhusu magitaa mawili. Kumbuka wimbo wa katikati. Mwimbaji anaimba shairi, watu wanaitikia, si kweli? Wewe uko upande wa watu. Akiimba, nyamaza. Akivuta pumzi, hapo hapo panapatikana uwazi mdogo, weka vitu viwili vitatu, kisha toka. Wakifika kwenye kiitikio, shika sauti tatu, uzishike kwa muda mrefu bila kuzichezesha, pole pole kama harufu ya kahawa inayokaangwa nyumba ya pili. Watu wasijue ni wewe, ila ukiziondoa waulize kilichopungua.

Na jambo gumu kuliko yote. Kuna nyimbo ambazo ubeti wa kwanza hutapiga kitu. Kaa, tabasamu, sikiliza. Ingia kiitikio cha pili. Utaona aibu, utadhani watu wote wanakuangalia wewe usiye na kazi. Vumilia. Kungoja nako ni kazi ya bendi, na wengi hawaiwezi.

Usinijibu mpaka umejaribu.

Tata yako,
Ildefons

Kitendaguro
20 Oktoba 2024

Tata,

Shikamoo! Hujambo? Mama? Vifungo? Mimi leo sina hata muda wa kuulizia ng'ombe wa jirani.

Tumepiga ufukweni jana, sherehe ya ubatizo, mazoezi ya kweli mbele ya watu. Wimbo wa pili nilikaa kimya ubeti mzima. Nilitoka jasho! Mama mmoja meza ya mbele akamwambia mwenzake, nasikia kwa masikio yangu, "Huyu binti kaja kula?" Nikauma meno. Kiitikio cha kwanza nikanyamaza. Cha pili nikaingia na zile sauti tatu, laini. Tata, yule mama aliinuka! Hakujua ameinuliwa na nini, lakini aliinuka, akavua viatu, akacheza sebene yote mpaka kilemba kikaanguka. Mimi nilikuwa nacheka huku napiga.

Baadaye Joackim akanipa nusu ya samaki wake, na Joackim hagawi samaki. Kagaruki yeye hasifu. Anasema tu, "Tutaona Muleba." Mzee huyo atanitoa roho.

Sasa mpango wangu. Ndoa ya Restituta inafungwa parokiani saa nne asubuhi na wewe ndiye utakayepiga, sivyo? Bendi inaanza mchana. Nitakuja mapema nipande juu kwa kwaya nikufungulie kurasa kama zamani. Nimekukumbuka sana Tata. Tangu Julai sijakuona!

Mwanao,
Edvina

Muleba
3 Novemba 2024

Edvina,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Senene wameanza kuanguka, nyumba nzima ni mabawa, mama yako na majirani wananyonyoa mpaka vidole vinanuka, mimi nimekaa tu nawasimulia hadithi.

Misani usije. Nasema hivyo kwa upendo. Siku ya kazi mpiga kinanda anapumzika. Lala, kula, njoo mchana na wenzako. Kurasa nitafungua mwenyewe.

Ile ya kilemba nimeisoma mara nyingi.

Tata yako,
Ildefons

Kitendaguro
18 Novemba 2024

Tata yangu,

Shikamoo. Nakuuliza hali, na safari hii naomba jibu la kweli.

Nilikuja misani. Ulijua nitakuja, lini mimi nimewahi kusikia nikikatazwa? Nilipanda ngazi pole pole nikasimama nyuma ya akina mama wa sauti ya kwanza. Wewe ulikuwa umenipa mgongo. Niliona mkono wako wa kulia ukipiga vidole vitatu, katikati ya kinanda, kama ulivyoniandikia. Nikatabasamu, nikasema moyoni, Tata naye amekalia wa kushoto. Kisha nikasogea nikauona. Ulikuwa juu ya paja, umelala, na wakati wa kufungua ukurasa uliuinua kwa ule wa kulia ukauweka pembeni kama mtoto aliyesinzia.

Tata! Vibarua wa kahawa! Vifungo! Senene! Na mimi naandika tarumbeta, tarumbeta, nacheka ganzi ya saa moja, wakati wewe ganzi yako haitoki!

Nililia, ndiyo, mama mmoja akanipa leso. Kisha wakafika Matoleo, ule wimbo wako unaoupenda wenye besi ndefu, na nikasikia pale chini kwenye kinanda hakuna mtu. Hapakuwa na Joackim pale. Ndiyo nikaja nikakaa kushoto kwako. Hukugeuka. Ulisogea tu kidogo ukaniachia nafasi, ukasema, "Taratibu, usiwafunike." Sijawahi kupiga kitu kwa furaha namna ile. Mkono wangu wa kushoto, niliouadhibu miezi yote, ulijua kila kitu!

Mama alinieleza yote pale nje: kwamba kiharusi kilikupata wiki moja baada ya mimi kuondoka, kwamba hospitali wamekupa mazoezi, kwamba ulimkataza asiniambie. Nimemkasirikia kidogo. Wewe nimekukasirikia zaidi, na nitaendelea mpaka Jumatano.

Mama alikurudisha nyumbani kabla ya sherehe, kwa hiyo haya huyajui. Tulipiga. Wimbo wa tatu nilikaa ubeti mzima mikono magotini, wala sikuona aibu, nilikuwa nakuwaza wewe. Nilipoingia, uwanja mzima uliinuka, Restituta na shela lake, mababu na fimbo zao. Tulipomaliza Kagaruki akaja akaanza mwenyewe kukunja nyaya za kinanda changu, kitu ambacho hamfanyii mtu. Akasema, "Jumamosi tuko Kemondo. Usichelewe." Ndiyo hivyo tu! Nimebaki, Tata!

Lakini sasa sijui. Sema neno moja tu, nami nitafunga mizigo nirudi nikae kushoto kwako kila Jumapili. Niambie.

Mwanao,
Edvina

Muleba
24 Novemba 2024

Mwanangu Edvina,

Marahaba. Umetaka jibu la kweli: mguu ni mzima, mdomo ni mzima, mkono wa kulia ndio huu unaoandika. Wa kushoto jana umeshika kikombe, kitupu, lakini umekishika. Mama yako amepiga vigelegele kuliko vya tarumbeta yako. Jumatano imepita, kwa hiyo nahesabu nimesamehewa.

Sikukwambia kwa sababu nilikujua. Ungeacha bendi siku hiyo hiyo na ungejiambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilitaka ubaki. Na nisingeweza kukufundisha hayo kabla ya Julai, maana nilikuwa siyajui. Kila Jumapili nilijaribu kitu, kilichofaa nikakuandikia. Ulipofaulu ufukweni, na mimi nilifaulu hapa. Ilinipa sababu ya kuamka, sikufichi.

Usirudi. Nasema waziwazi, usirudi. Kwaya wanaimba, na ninapiga.

Unadhani sherehe sikuisikia? Spika zile zinafika mpaka kwetu. Tulikaa nje mimi na mama yako. Wimbo wa tatu akasema, "Mbona simsikii Edvina, wamemfukuza?" Nikamwambia, "Yupo. Anangoja." Ulipoingia nilipiga paja kwa mkono mmoja mpaka likauma.

Avit ananiambia Krismasi bendi yenu inaanza jioni. Misa kwetu ni asubuhi, na kuna ule wimbo wa Matoleo. Nimeshawaambia vijana walete benchi refu. Njoo mapema, na mkono wa kushoto usiusahau Bukoba.

Tata yako,
Ildefons