Dada, Mara Hii Usishuke Kitandani

Mpendwa dada Kabula,

Mwangaluka, salamu ya kwetu. Nakuandikia kutoka Kilombero, mikono bado ina masizi ya miwa. Mama alinipigia simu. Alisema moyo wako ulienda mbio tena, mkafika hospitali Bariadi, na daktari aliposema sindano itausimamisha kidogo, ukashuka kitandani. Mama akaongeza, "Anasema moyo wake haujasimama tangu azaliwe, hauwezi kuanza leo." Nilicheka kidogo tu.

Maana ugonjwa huo na mimi umenipata. Nilikuwa nakata miwa, moyo ukaanza kudunda hadi shingoni. Hospitali wakanibandika nyaya kifuani, wakanipa bomba tupu la sindano nilipulize kwa nguvu ili moyo utulie. Wapi. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, akauliza kama nina pumu, maana sindano ya kusimamisha moyo haiwafai wenye pumu, kisha akasema, "Kaka, utajisikia kama unakufa. Ni muda mfupi tu. Nipo hapa."

Nikataka kushuka kama wewe. Kilichonizuia ni shamba letu la Ipililo.

Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu? Wewe uliongoza mbele, mimi nimeshika plau nyuma. Siku aliyokurupuka akamburuta mwenzake, nilipiga kelele na kuinua fimbo. Ukaniambia, "Acha fimbo, mjinga wewe. Zamisha plau." Nikainua mishikio, ncha ikazama, wakasimama wanahema. Ukawaacha kidogo. Ulipopiga mluzi, wakaondoka kwa hatua moja.

Basi nikanyoosha mkono. Dawa ikasukumwa haraka, na maji ya kuiharakisha nyuma yake. Sikudanganyi, ni mbaya. Kifua kilibanwa, uso ukawaka, nikajua naondoka. Halafu kimya. Halafu moyo ukaanza upya, taratibu, kwa hatua moja.

Shule niliiacha njiani, siwezi kukueleza dawa. Daktari alisema si kila moyo unaokimbia hutibiwa hivyo, lazima wapime kwanza. Lakini moyo wako ukikurupuka tena, usikae nyumbani kungoja upite. Mwambie shemeji akuwahishe Bariadi. Uwape madaktari mkono wachome, uogope ukiwa umelala palepale.

Huku nachoka, dada. Jioni nikikaa na mgongo wangu, nawaza nitarudi msimu gani, na nani atanipokea akiniita mjinga.

Mara hii ng'ombe ni wewe. Simama kidogo, uondoke tena.

Ni mimi wa nyuma ya plau,
Mdogo wako